Fremu Moja Kuzunguka Mlima

Tangu nirudi sijapita sokoni Kiboriloni bila kusimamishwa. "Aika, ni kweli ulizunguka mlima mzima na kile kidude cha plastiki?" Wengine mmesikia nilikamatwa mpakani. Wengine mmesikia nilikuwa nakata vichwa vya akina mama huko Rombo. Nimechoka kusimulia nusunusu nikiwa nimeshika mfuko wa nyanya, basi nimekaa chini niwaandikie yote kwa mpangilio wake, tangu Rau nilikotoka mpaka Rau niliporudi. Habari za kuomba ruhusa kazini na kutafuta nauli naziacha, maana hazina ladha.

Rau, kabla ya kuondoka

Kamera yenyewe ilitoka ndani ya robota la mitumba. Mnakumbuka marobota yalivyoanza kumiminika Kiboriloni, watu wakigombea kuyafungua alfajiri. Rafiki yangu mmoja alikuwa anauza nguo na vitu vya watoto, na katikati ya wanasesere wasio na mikono akaikuta. Nyeusi, nyepesi kama kopo tupu, hata lenzi yake ya plastiki. Akanirushia. "Wewe si mtu wa picha? Chukua, kwangu haitanunuliwa."

Nilikuwa nafanya kazi studio ya Mzee Ngowi mjini, nikisafisha filamu na kuosha picha kwenye chumba cha giza. Nilipoifungua nyuma nilishangaa, maana ilikuwa inatumia filamu pana, ya mia na ishirini, ileile ya kamera kubwa ya studio. Mzee Ngowi aliigeuzageuza akacheka mpaka miwani ikamshuka puani. "Hii ni sahani ya sabuni iliyotobolewa," akasema. Lakini filamu akanipa. Zilikuwa zimemlalia kabatini, kwa sababu mjini lilikuwa limeshafunguliwa duka la picha za rangi na wateja walikuwa wanatuhama mmoja mmoja.

Kuizoea kamera ile kulinichukua muda, kama unavyozoea mkwe. Ina tabia zake na haibadiliki kwa ajili yako. Mfuniko wa nyuma huachia wenyewe ukiitikisa, kwa hiyo filamu ya kwanza nzima ilitoka na michirizi myeupe kama imenyeshewa. Nikajifunza kuifunga kwa tepu nyeusi ya mafundi umeme na mpira wa tairi la baiskeli. Nyuma ina kidirisha chekundu cha kusomea namba za filamu, na chenyewe kinapitisha mwanga ukiiacha juani. Nacho nikakiziba. Kidirisha cha kuchungulia kinasema uongo, kwani unachokiona humo ni kidogo kuliko kinachoingia kwenye filamu. Na juu ya lenzi kumechorwa mtu mmoja, watu watatu, kundi la watu na mlima, ili uchague umbali kwa kukisia.

Filamu ya pili ndiyo iliyonipa akili. Kamera ya Mzee Ngowi ukishapiga, haikubali kufyatua tena mpaka uvute filamu mbele. Hii yangu haina habari. Unaweza kupiga mara kumi mahali palepale na haitakuuliza. Nilimpiga mwalimu wetu wa kwaya amesimama mbele ya mlango wa kanisa, mlango uko wazi na ndani giza. Nikasahau kuvuta filamu. Nikampiga ng'ombe wa jirani. Picha ilipotoka, mwalimu wa kwaya alikuwa na pembe. Aliniomba kwa upole nisimwonyeshe mke wake.

Mimi na Mzee Ngowi tulicheka sana. Kisha nikaiangalia tena ile picha nikaacha kucheka. Mahali palipokuwa na giza la mlango, pembe zilikuwa zimetulia safi, kama zimeota hapo. Mahali palipokuwa na ukuta mweupe, ng'ombe hakuonekana kabisa. Kwa hiyo giza huacha nafasi. Ukimweka mtu mbele ya kitu cheusi, pale pembeni pake panabaki wazi kwa mwingine.

Hapo ndipo nilipomfikiria mama yangu. Mama alianguka kwenye kihamba, shamba letu la migomba, akishuka na majani ya ng'ombe, nyonga ikaharibika, na tangu siku hiyo mkongojo wake haumfikishi mbali zaidi ya geti. Wao kwao wamezaliwa mabinti wanne. Mkubwa ni Elifuraha, ameolewa Masama, juu ya Kwa Sadala. Wa pili ni Mama. Wa tatu ni Felista, ameolewa Rombo. Wa mwisho ni Ruthi, ambaye alimfuata mume mpaka Kamwanga, nyuma ya mlima kabisa, na sasa huyo mume ni mgonjwa wa kulala, hamwachi. Mama alikuwa na kauli moja anapokaa barazani jioni: "Wanne sisi, na hatujawahi kukaa kwenye picha moja. Sasa ndiyo basi."

"Nitawakusanya," nikamwambia siku hiyo.

"Utawakusanyaje? Ruthi hawezi kutoka. Na Elifuraha na Felista hawasalimiani, unajua mwenyewe."

Nilijua. Sisi ni Walutheri. Felista alipoolewa na Mkatoliki wa Rombo akahamia kanisa la mumewe, dada yake mkubwa hakwenda harusini. Hawakugombana kwa maneno, lakini Elifuraha hakwenda, na Felista hakusahau.

"Nitawakusanya humu ndani," nikasema, nikamwonyesha kamera.

Mama aliitazama muda. "Hii ya mitumba?"

"Ile ya Mzee Ngowi ina akili sana, haikubali. Hii ndiyo inayokubali."

Nikanunua kaniki mpya, ile nyeusi tii. Nikakigawa kidirisha cha kuchungulia kwa kalamu, msalaba mwembamba, robo nne. Wakubwa juu, Elifuraha kushoto na Mama kulia. Wadogo chini, Ruthi kushoto na Felista kulia. Nikakata kamba ya katani nikaifunga fundo, ili kila mmoja umbali wa uso wake na lenzi uwe sawa, asije mmoja akawa na kichwa cha boga na mwingine cha limau. Nikaitundika kaniki mlangoni, Mama akakaa kwenye kigoda chake amevaa kitenge cha Pasaka, nikamfunika kuanzia kifuani kwa kipande cha kaniki ili chini pabaki peusi, nikabonyeza. Kitufe kililia tik, kama kijiti kuvunjika.

Kisha nikafunika lenzi, nikafunga kifuniko kwa tepu. Kuanzia hapo sikutakiwa kuvuta filamu wala kupiga kitu kingine chochote mpaka nimfikie wa nne. Mama alikuwa ameshaingia. Sasa ilinibidi kumbeba.

Rau hadi Rombo

Safari ya Rombo ingekuwa fupi kama basi lisingekufa Mwika. Dereva aliingia chini ya gari akatoka, akaingia tena akatoka, mwishoni akakaa kando akaagiza chai, tukajua yamekwisha. Nikamalizia safari nyuma ya pikapu iliyobeba mikungu ya ndizi, kamera ikiwa kifuani ndani ya kaniki kama mtoto mchanga. Mama mmoja aliyekaa karibu yangu alinionea huruma kwa vumbi. "Mfunike uso mtoto," akaniambia. Sikuona haja ya kumsahihisha. Nikafunika.

Mama mdogo Felista alinipokea kwa mtori wenye nyama nyingi kuliko ndizi, na hakuniuliza lolote mpaka bakuli likawa tupu. Ni mwanamke mpana, sauti yake inafika kwa jirani kabla yake. Nikamweleza shida yangu. Akaninyang'anya bakuli akaenda kuosha, akarudi.

"Na wa Masama atakuwemo?"

"Atakuwemo, mama mdogo. Wote wanne."

"Usiniweke karibu naye."

"Nimekuweka chini kulia. Yeye yuko juu kushoto. Ni mbali kuliko pote."

Akafikiri. "Sikatai awe karibu," akasema, na sauti yake safari hii ilibaki humo humo ndani. "Ila nisipelekwe mimi. Akitaka kuwa karibu, aje mwenyewe. Nafasi ilikuwepo tangu harusi, na bado ipo."

Nje, wakati natundika kaniki kwenye mlango wa jiko, jirani zake walikuwa wameshajaa uani. Kichagga cha kwetu na cha Rombo ni ndugu wasiofanana, na katika kueleza nilisema neno moja ambalo kwao, nilikuja kuambiwa, halimaanishi kabisa kupiga picha ya kichwa. Bibi mmoja akasimama. "Vichwa vya hao wengine ameshavichukua?" akauliza. Felista akamjibu kwa uzito wote kwamba kimoja tayari ninacho kwenye mfuko. Bibi akaketi taratibu, mbali kidogo. Habari za vichwa mlizosikia zilianzia hapo, na aliyezianzisha ni mama mdogo wangu mwenyewe.

Alikaa vizuri, kidevu juu, rozari shingoni. Nikampima kwa kamba, nikamweka kwenye robo yake, tik. Nikafunika lenzi. Akataka kuiona picha papo hapo, nikamwambia lazima asubiri. Akanifungia kiburu, ndizi na maharage yaliyopondwa, kwenye jani la mgomba, nikaondoka.

Tarakea hadi Kamwanga

Kutoka Tarakea kuzunguka kaskazini hakukuwa na basi. Kulikuwa na lori la mbao, na dereva wake aliitwa Shirima, mtu mwembamba mwenye koti kubwa la kijeshi ambalo hakulivua hata jua lilipokuwa utosini. Alinikubalia nikae mbele kwa sharti moja, nimpige picha na gari lake.

"Siwezi, kaka Shirima. Nikirudi ukija Moshi nitakupiga."

"Kamera unayo, filamu unayo. Huwezi nini?"

Nilimweleza. Sidhani alinielewa, maana mpaka msituni aliendesha akiangalia njia tu, kama mtu aliyenyimwa. Na njia ile ilikuwa inanichokoza. Upande wa kaskazini mlima unauona wote, hauna mawingu kama huku kwetu, na unakaa kama mtu unayemfahamu siku zote kwa uso halafu ukamwona kwa mgongo. Tulipofika penye uwazi, tembo walikuwa wanavuka njia, mmoja nyuma ya mwingine, hawana haraka yoyote. Shirima akazima injini. Watu waliokaa juu ya mbao wakaanza kuniita: "Dada wa picha, piga." Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye tepu ya kifuniko. Nikaurudisha. Ningemweka tembo usoni kwa mama yangu. Tembo wakapita, nami nikawatazama kwa macho tu, na mpaka leo sina cha kuwaonyesha.

Mbele kidogo springi ya lori ikakatika. Tukakaa hapo mchana kutwa tukichoma viazi kwenye majivu, Shirima akifunga springi kwa kamba na vijiti vya mti. Alipoona sijalalamika, moyo ukamlainika akanimegea chumvi yake.

Jua lilikuwa halijazama tulipofika kizuizi. Karibu na mpaka wanatafuta magendo, na askari wa pale alikuwa kijana mwenye adabu, lakini macho yake yalitua moja kwa moja kifuani kwangu. Akaomba kaniki, akaifunua. Akakuta kitu cha plastiki, kimezungushiwa tepu nyeusi na mipira kila upande.

"Nini hiki?"

"Kamera."

"Kamera gani inafungwa hivi? Fungua."

"Afande, nikifungua hapa mwanga utamuua mama yangu na mdogo wake."

Akapiga hatua nyuma. Shirima akaanza kucheka, na kicheko chake hakikunisaidia. Askari akasema kwa sauti ya chini kwamba sasa ndiyo lazima ifunguliwe. Nilimwona Mama kwenye kigoda chake, kitenge cha Pasaka, akifutika kama chaki.

Ndipo kazi yangu ya chumba cha giza ikaniokoa. Nikamwambia, "Utaifungua. Lakini utaifungua kwa mikono, si kwa macho." Nikamwomba Shirima avue koti. Alilivua, kwa mara ya kwanza tangu Tarakea. Nikaweka kamera ndani, nikalikunja koti mara mbili, nikalizungushia kaniki na blanketi la Shirima juu yake, nikaacha mikono ya koti ndiyo iwe njia. Askari akaingiza mkono mmoja kwenye mkono wa kulia wa koti na mwingine wa kushoto, hadi viwikoni, akasimama pale kama mtu aliyevalishwa nguo kinyumenyume. Abiria wote walikuwa wameshuka kuangalia. Nikamwelekeza: bandua tepu, telezesha vibanio, sasa papasa taratibu, usivute.

"Kuna karatasi," akasema.

"Ndiyo. Nyuma ya karatasi ndipo walipo."

"Na kijiti cha plastiki. Basi?"

"Basi."

Akaendelea kupapasa kidogo, uso wake umelainika, macho ameyafumba. "Ni wepesi," akasema. Kisha akanisubiri nami niingize mikono yangu, nikaifunga kamera humo humo gizani, tepu na mipira, kama nifanyavyo kila siku mjini. Nilipoitoa, askari alikuwa anajifuta jasho la viwiko. Akanisindikiza mpaka kwenye lori, akanifungulia mlango. "Msalimie mama," akasema, na nadhani hakuwa anatania.

Shirima hakuniomba picha tena. Njia nzima iliyobaki, kila tulipofika kwenye shimo alikuwa akipunguza mwendo na kunitazama kifuani kwanza.

Kamwanga

Mama mdogo Ruthi nilikuwa sijawahi kumwona. Nilimjua kwa sababu alikuwa amesimama shambani, kwenye maharage, mkono mmoja kiunoni, vilevile anavyosimama Mama. Nikamwamkia shikamoo, nikamtajia jina la Mama. Aliangusha jembe. Alinishika uso kwa mikono yenye udongo, akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, na kwa siku zote nilizokaa kwake sikumwona akifanya kimoja bila kingine.

Tulikula loshoro, mahindi kwenye maziwa ya mgando, chakula alichojifunza kwa jirani zake Wamasai. Mumewe alilala kwenye kitanda karibu na mlango ili aone nje, mtu mpole asiyeweza kuinua mkono. Aliniomba nimsimulie barabara yote, kila kijiji. Ruthi alimgeuza ubavu huku mimi nasimulia, akamfuta mdomo, akauliza, "Na Felista bado anapiga kelele?" Nikasema bado. "Na Elifuraha bado hasemi?" Nikasema bado. Akacheka mpaka mumewe naye akacheka.

Siku ya picha jua lilikuwa kali. Nikatundika kaniki kwenye mlango wa ghala, nikamkalisha kwenye kigoda, nikampima kwa kamba, nikamweka kwenye robo ya chini kushoto. Kila kitu kilikuwa sawa. Nikabana pumzi. Kidole kilipokuwa kinashuka, Ruthi akasimama wima akanitazama. "Aika, mbuzi anakula nguo yako," akasema.

Tik.

Mbuzi alikuwa kweli anakula kaniki. Lakini mimi sikumwangalia mbuzi. Nilibaki nimechungulia kwenye kidirisha, na uso wa Ruthi ulikuwa juu, kushoto, kwenye robo ya Elifuraha, chini yake gauni lake jeusi tu. Mdogo wa wote alikuwa amekaa kwenye kiti cha mkubwa, na filamu haina kifutio.

Nilikaa chini. Ruthi aliponielewa, kwa mara ya kwanza hakucheka. "Sasa dada mkubwa atakaa wapi?"

"Robo iliyobaki ni moja. Chini kushoto."

"Kando ya nani?"

"Kando ya Felista," nikasema. "Bega kwa bega."

Kwa Sadala na kupanda Masama

Njia ya kushuka Ngare Nairobi mpaka Sanya Juu siikumbuki vizuri. Nilikuwa nazungumza na mama mkubwa kichwani mwangu, na kila mara alinishinda. Elifuraha ni mwanamke ambaye wazee wa kanisa humsubiri amalize kufikiri. Nimwambie akae chini ya mdogo wake wa mwisho, na kando ya yule ambaye yeye hakwenda kwenye harusi yake? Pale Kwa Sadala ilikuwa siku ya soko. Nikazunguka kwenye mafungu ya ndizi na vitunguu, nikijifanya natafuta zawadi, kumbe nilikuwa nachelewesha miguu. Mwishowe nikanunua sukari na majani ya chai, nikaanza kupanda.

Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Mama mkubwa alikuwa anachambua kahawa barazani. Nikamwamkia, akaitika marahaba, akanionyesha mahali pa kukaa, tukachambua pamoja. Niliposema yote, tangu pembe za mwalimu wa kwaya mpaka mbuzi wa Kamwanga, hakuinua uso.

"Mimi ni mzaliwa wa kwanza," akasema mwishowe.

"Najua, mama mkubwa."

"Na umeniwekea nafasi ya chini."

"Ndiyo iliyobaki. Ukikataa sitakulaumu. Nitamwambia Mama nilishindwa mimi."

Akachambua kiganja kingine. "Felista alisema nini?"

Nilitaka kupamba, lakini kwa macho yale huwezi kupamba. "Alisema nisimpeleke karibu yako. Ukitaka kuwa karibu, uje mwenyewe. Alisema nafasi ilikuwepo tangu harusi, na bado ipo."

Mikono yake ilisimama juu ya kahawa. Ng'ombe alisikika akitafuna nyuma ya nyumba. "Alisema bado ipo?"

"Alisema hivyo."

Akainuka akaingia ndani. Nilidhani mazungumzo yamekwisha. Alirudi amebadilisha gauni, amefunga kitambaa kipya kichwani, akatazama kaniki yenye tundu la mbuzi. "Mwanga wa ukungu huu utatosha kwa picha?"

Haukutosha, naye alikuwa ameona. Kamera ile haijui kufungua jicho zaidi, inajua kiasi kimoja tu. Lakini nilishajua dawa yake, kubonyeza mara kadhaa mahali palepale, kila mbonyezo uongeze mwanga kidogo juu ya ule wa kwanza. Mradi anayepigwa asitikisike hata kope. Nikamwambia hivyo. Nikaiegesha kamera juu ya gogo, nikageuza tundu la kaniki lisionekane, nikampima kwa kamba.

Tik. Alikuwa jiwe. Tik. Bado jiwe. Nilikuwa naanza kufurahi aliponiuliza bila kusogeza midomo, "Felista yuko upande gani?"

"Kushoto kwako, mama mkubwa. Hapo hapo begani."

Tik. Na katika mbonyezo huo wa mwisho aligeuza uso kushoto kwake, polepole, akatazama mahali pasipokuwa na mtu. Akabaki hivyo hata nilipomaliza. Sikumwambia kwamba ametikisika.

Kisha nikavuta filamu mbele. Kidude kile kilinguruma kama kawaida, nami nikakaa juu ya lile gogo. Mama mkubwa akaniletea uji wa moto, akaniambia ninywe wote.

Mjini, na nyumbani

Mzee Ngowi hakuniacha niisafishe filamu peke yangu. Alijidai anatafuta chupa ya dawa, akabaki chumba cha giza akiwa amenisimamia mgongoni. Nilipoweka karatasi kwenye sinia la dawa, kwanza hapakuwa na kitu. Halafu ukaja weusi wa kaniki, halafu kutoka kwenye weusi nyuso zikaanza kuja, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kwa wakati wake. Mama, ametulia. Felista na rozari. Ruthi juu kushoto, mdomo wazi, anamtangaza mbuzi. Na chini kushoto Elifuraha, mwenye nyuso mbili nyembamba zilizolaliana, moja inatazama mbele kama jiwe, nyingine imemgeukia Felista. Na Felista, aliyepigwa picha Rombo siku kadhaa kabla, kidevu juu, alionekana kama anayejua kwamba anatazamwa na anajikaza asitabasamu.

Mzee Ngowi alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Miaka yote niliyokaa kwake sikuwahi kumsikia akisifu picha ambayo si yake. "Hii," akasema, "hata wale wa rangi hawataiweza." Siku iliyofuata aliichapa kubwa akaitundika dirishani, mbele kabisa, na chini yake akaandika jina langu kwa mkono wake. Mliipita mkaiona. Na Shirima alipokuja mjini na lori lake, nilimpiga bila malipo, filamu nzima.

Nakala zilikwenda Rombo, Kamwanga na Masama. Ilipokaribia Krismasi, mama mkubwa Elifuraha alipanda gari la Rombo bila kumwambia mtu. Walichozungumza hatukijui. Tunajua tu kwamba alikaa huko mpaka watoto wake wakaanza kumtafuta.

Yetu iko sebuleni Rau. Juzi walikuja wageni wa ushirika, na mama mchungaji akaitazama sana ile picha, akasogea, akarudi nyuma. "Mama Aika, nasikia hamjawahi kukutana wote wanne tangu mmeolewa. Hapa mlikutana kwa nani?"

Nilikuwa mlangoni nimeshika sinia la chai. Mama aliweka mkongojo kando, akanyoosha kitenge magotini, akanitazama mimi kwanza kabla ya kumjibu mgeni.

"Kwa Aika," akasema.